Usinunue springi kwanza: kuandaa miguu ya MX-5 ya zamani kwa autokrosi

Mwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa zinazoibuka iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, akitaka kuanza autokrosi, swali lake la kwanza huwa ni moja: nifunge springi gani? Ninalisikia kila msimu unapofunguliwa hapa Marekani, na jibu langu ni lile lile. Usinunue springi. Gari lako limezaliwa kati ya 1989 na 1997. Karibu kila kasoro unayoihisi unapokata kona inatoka kwenye mpira uliochoka, chuma kilicholegea, au tairi lililozeeka. Springi ngumu juu ya bushi zilizokufa (zile raba za kwenye maungio ya miguu) hazitibu chochote, zinaficha ugonjwa tu, na utautafuta mwaka mzima.

Nieleze kwanza ni autokrosi ipi ninayoisema, maana jina hili lina michezo mitatu. Kenya ni mbio za kwenye udongo na vumbi. Uingereza ni za kwenye uwanja wa majani. Ya Marekani, inayosimamiwa zaidi na SCCA, chama cha michezo ya magari cha huko, hukimbiwa kwenye lami au zege, penye maegesho makubwa au kiwanja cha ndege, gari moja moja ukishindana na saa. Njia imechorwa kwa koni za plastiki. Raundi moja huchukua kama dakika moja hivi, na kila koni unayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Kwa hiyo gari halihitaji mwendo mkali wa barabara kuu. Linahitaji kubadili mwelekeo haraka, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kusitasita.

Sasa pandisha gari kwenye jeki na stendi, ukalale chini yake na taa. MX-5 ina mikono miwili kwa kila gurudumu, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ni mpangilio mzuri kuliko wa magari mengi ya bei yake, lakini una bushi nyingi, na kila moja ina umri wa gari. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku beringi ya habu au boli jointi, kile kiungo cha duara mwishoni mwa mkono. Likicheza kushoto na kulia kwa mbele, tazama ncha za tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu. Tazama kama shokapu zimelowa mafuta. Kisha tafuta kitu ambacho wageni hawakitazami kabisa: zile raba za vizuizi zilizo kwenye fimbo ya shokapu. Nafasi ya mguu kupanda kwenye gari hili ni fupi. Ukiingia kona kwa nguvu, upande wa nje hukaa juu ya raba hiyo muda mrefu kuliko unavyodhani, nayo inafanya kazi kama springi ya pili. Kwenye magari mengi nimekuta imebaki unga. Ikiwa haipo, chuma hugonga chuma, tairi la nje linapoteza mshiko ghafla, na dereva analaumu matairi. Bei yake ni ndogo, na kwa pesa hiyo hakuna kifaa kitakachokupa faida kubwa zaidi.

Ukibadilisha bushi, kuna jambo moja la kumsisitizia fundi kwa heshima lakini bila kulegea. Mpira wa bushi za kiwandani umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Hauzunguki, unajisokota mkono unapopanda na kushuka. Bolti zisikazwe miguu ikiwa inaning'inia hewani. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwenye urefu wake wa kawaida. Zikikazwa hewani, mpira unabaki umesokotwa kila gari linapotua chini. Gari litakaa juu kuliko linavyotakiwa na bushi mpya zitachanika mapema.

Halafu kuna zile bolti zenye kichwa cha duara kisichokaa katikati, zilizo kwenye mikono ya chini. Ndizo zinazorekebisha pembe za magurudumu, mbele na nyuma. Katika majimbo yenye theluji, chumvi inayomwagwa barabarani huzigandisha ndani ya bushi. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla ya kwenda kwa fundi wa alaimenti, yule anayepanga pembe hizo. Zikikataa, zikatwe na kununua mpya. Usilipie alaimenti ya gari ambalo bolti zake hazizunguki.

Tairi nitalisema kwa ufupi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi, hata likiwa na meno, limekuwa gumu. Madaraja ya magari ya mitaani ya SCCA yanataka tairi lenye alama ya uvaaji (namba inayoonesha mpira unavyokawia kuisha) ya 200 au zaidi, na mengi ya kundi hilo yanashika vizuri ajabu.

Kisha upepo. Kiwanda kiliandika psi 26 kwa gari hili, kwa matairi yake madogo ya inchi 14. Kwenye autokrosi anza kidogo juu ya hapo, tuseme 30 matairi yakiwa na joto, halafu chora mstari wa chaki kutoka ubavuni hadi kwenye uso wa tairi. Maliza raundi, utazame chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika hadi chini ubavuni, tairi linajikunja, ongeza. Ikibaki juu ya uso wenyewe, umejaza mno, punguza. Pima kila baada ya raundi, maana joto hupandisha upepo, na anayekimbia raundi ya tano hana tairi lile alilokuwa nalo raundi ya kwanza. Hii ni marekebisho ya bure, na mgeni anaweza kujifunza nayo msimu mzima.

Alaimenti ndiyo inayobadilisha tabia ya gari kuliko kitu kingine chochote unachoweza kulipia. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje nalo hulala na kukanyaga kwa ukingo wa nje. Ndiyo maana tunalilaza kwa ndani mapema: hiyo ndiyo kemba hasi. Gari lenye urefu wa kiwandani halitoi nyingi mbele, kama digrii 1 na nusu hivi, na magari hayafanani. Mwambie fundi akupe yote inayopatikana mbele, sawa kushoto na kulia, hata kama italazimu kasta (mlalo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) ipungue kidogo, kwa kuwa bolti zile zile zinagawana kazi hizo mbili. Nyuma anza na kiasi kile kile cha mbele. Tou, yaani magurudumu kuelekeza pua zake ndani au nje, kwa mbele iwe sifuri, au ifunguke nje milimita 1 hadi 3 kwa jumla. Ikifunguka, pua inaingia kona kwa hamu. Nyuma iweke ndani kidogo, milimita 2 hadi 3 kwa jumla, ili mkia usikukimbie unapoachia mafuta katikati ya kona. Tou ya nyuma inayofunguka nje usiiguse ukiwa mgeni. Gari hili lina umbali mfupi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma, litakuzungusha kabla hujajua limeanza.

Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana, ni sura ngumu zaidi. Kanuni za daraja la mitaani zinakuruhusu kubadilisha moja, na wengi huweka nene zaidi mbele. Mgeni hushangaa: si itafanya pua igome kugeuka? Kwa nadharia, ndiyo. Lakini gari linapolala, tairi la nyuma la ndani hupungukiwa uzito, na kama difu yako (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) ni ya kawaida, isiyo na kizuizi cha kuteleza, tairi hilo huzunguka bure na nguvu yote inapotea. Stabilaiza nene ya mbele inashika mlalo, tairi la ndani la nyuma linabaki chini, na pia kemba haba ya mbele haipotei yote. Kabla ya kununua jua una difu gani. Baadhi ya magari yalitoka na difu ya kuzuia kuteleza, mengine hayakutoka nayo.

Shokapu zenye kurekebishika ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Anza na laini kabisa, kisha kaza kidogo kidogo, mbele na nyuma kwa zamu. Ukikaza mno ule upande wa kurudi, yaani shokapu inaporefuka, gari kwenye slalomu (koni za mstari unazozipita kwa zigizagi) halipati muda wa kuinuka kati ya koni na koni. Linazidi kuzama hadi linakaa kwenye vizuizi, na ghafla linateleza kama lililo kwenye barafu. Dereva anahisi gari limekuwa kali na anaamini limekuwa bora. Saa inasema vingine.

Lakini hata saa isiaminiwe peke yake. Asubuhi lami ni baridi na ina mchanga. Mchana imepata joto, imefagiwa na magari, na wewe umeijua njia. Muda wako utashuka hata usipogusa kitu. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na mwishoni rudi kwenye mpangilio wa mwanzo uuendeshe tena. Kama ule wa zamani nao umekuwa haraka, hukuongeza kasi kwa spana. Andika daftarini gari lilifanya nini kwa maneno yako, ukigawa kona sehemu tatu: kuingia, katikati, kutoka. Pua ikigoma wakati wa kuingia, tazama breki zako na shokapu. Ikigoma katikati, tazama upepo na kemba. Mkia ukikimbia wakati wa kutoka, mara nyingi ni mguu wako wa kulia, kisha difu.

Kwa ndugu wanaokimbia kwenye udongo, chukua sehemu ya bushi, vizuizi na daftari, uache mengine. Huko miguu inataka kulainika na kupanda sana.

Na kama umefungua tou ya mbele kwa ajili ya siku ya mashindano, na gari ndilo linalokurudisha nyumbani, irudishe sifuri kabla ya kuingia barabara kuu. Weka alama ya rangi kwenye tairodi, hesabu mizunguko sawa pande zote mbili, kaza nati za kufungia. Ukiiacha wazi, safari ndefu chache tu zitakula kingo za ndani za matairi yale uliyoyanunua kwa ajili ya koni.