Meza ya kazi inayoyumba

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu nianze kufanyia kazi nyumbani ninatumia meza niliyoinunua ikiwa vipandevipande na kuiunga mwenyewe. Haijamaliza mwaka, lakini kila nikiandika kwenye kompyuta inayumba, na skrubu za miguu zinazunguka bila kukaza. Je, niitupe? Msomaji wenu, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usiitupe kwanza. Meza nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, nazo hazishiki skrubu kama mbao halisi. Kila meza inapotikisika tundu hupanuka, na unyevu wa pwani ukipenya kwenye kingo zisizofunikwa, ubao huvimba na kumeguka. Toa skrubu, jaza matundu kwa gundi ya mbao na vijiti vyembamba, acha yakauke kwa saa 24, kisha kaza upya kwa mkono, si kwa mashine.

Hata hivyo, kuyumba huko hakutokani na skrubu pekee, bali pia na kukosekana kwa kitu kinachoizuia miguu isiinamie upande, hivyo funga ubao mpana nyuma, kati ya miguu, au uishikize meza ukutani kwa vyuma vya pembe. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo yenye manufaa kuliko zote.

Ubao uliokwisha kuvimba haurekebishiki. Ukifikia hapo, mwombe seremala akutengenezee meza ya mninga, mbao ambayo haipindi wala kuliwa na mchwa kwa urahisi, yenye kimo cha sentimita 73 hivi.