Aksoloti na joto la Kampala

Jirani yangu hapa Kabale, mji wa milimani wenye baridi kusini-magharibi mwa Uganda, alipochungulia tangi mara ya kwanza aliuliza, "Mwanangu, huyu kambale ameota miguu?" Nikamwambia, mama, huyu si samaki, ni aksoloti, salamanda wa Mexico ambaye hubaki na umbo la utotoni hata akizeeka, ndiyo maana matamvua yake yametokeza nje kama manyoya. Akafikiri kidogo. "Na mtamla lini?"

Hatumli. Ila mimi nilikaribia kumuua.

Nilimpokea Kampala, kule Ntinda, kwa rafiki aliyekuwa anahama nchi. Nikaliweka tangi sebuleni karibu na dirisha, taa kali juu, kokoto za rangi chini. Kila nilichofanya kilikuwa kosa. Asili yake ni mifereji ya Xochimilco katika Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yanayomfaa ni ya nyuzi 16 hadi 18. Mchana mmoja kipimajoto kilisoma 27. Akaacha kula, ncha za matamvua zikajikunja kuelekea mbele, halafu nikaona kitu cheupe kama pamba kimemwota hapo hapo: kuvu.

Nikawa natumbukiza chupa za barafu asubuhi na jioni, mpaka umeme ulipokatika siku mbili na friji ikawa kabati tu. Kilichosaidia ni feni ndogo ya betri ya sola, ikipuliza juu ya uso wa maji. Hushusha nyuzi mbili tatu, ila maji hukauka upesi, lazima uongeze kila siku. Kama uko Kampala, Jinja au Gulu na huna namna ya kupoza maji, usimchukue. Nasema hivyo nikijua wengine mtakasirika.

Kazi iliponileta Kabale tulisafiri usiku, yeye ndani ya boksi la kupozea soda, sifongo ya chujio ikiwa kwenye ndoo ya maji ya tangi ili bakteria wasife. Hao bakteria ndio wanaogeuza amonia ya kinyesi isiwe sumu. Ukianza na tangi jipya, wape wiki sita au zaidi kabla ya kuleta mnyama, kwa sababu kwenye baridi wanakawia kuzaana. Amonia na naitraiti, sumu nyingine ambayo amonia hugeuka kwanza, zisome sifuri, basi.

Sasa mimea. Nilipanda ya mizizi mchangani. Asubuhi yote ilikuwa inaelea. Huyu mnyama hutembea usiku kama mlevi anayetafuta kitasa. Siku hizi nafunga anubiasi kwa uzi juu ya gogo. Ni mmea wa Afrika, hauhitaji mwanga mwingi, na shina lake nene usilifukie, litaoza. Seratofilamu, lile gugu lenye majani kama mkia wa paka, liache lielee. Linapunguza naitreti, mabaki ya mwisho ya kazi ya wale bakteria, na kumpa kivuli, naye hana kope za kufumba. Linaota hata Ziwa Victoria, lakini ukilitoa ziwani litakuja na konokono, na konokono wa huko hubeba kichocho. Mimi nilinunua.

Kokoto niliziondoa zote siku aliponyakua mnyoo akameza na jiwe. Alilitoa baada ya siku tatu ambazo sikulala vizuri. Weka mchanga laini, au acha kioo kitupu.

Chakula ni minyoo ya ardhini, na hapa Kabale usiichimbe kwenye viazi ulaya, maana vinapigwa dawa ya ukungu. Mimi naichimba chini ya migomba ya jirani, ambako hakuna anayepuliza chochote. Naiosha, mikubwa naikata vipande viwili, kisha namwekea taa ikishazimwa. Hunusa, hutulia, halafu hufungua kinywa ghafla na mnyoo unaingia pamoja na maji. Jirani huwa anavuta kiti aangalie.