MUULIZE FUNDI: Sola ya shule, AC ya bosi na jenereta la kanisa

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwenye maofisi na mashule, na mengi yanauliza kitu kimoja: bili imepanda, tununue nini? Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu wenye shida kama hiyo ni wengi.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa shule ya bweni ya binafsi huku Morogoro, tuna wanafunzi kama 600. Bili ya umeme inatutoa roho, mwezi uliopita imekuja milioni 3 na laki 2. Kuna kijana kaja na laptopu anasema tukifunga sola ya kilowati 20 pamoja na betri, hela yetu inarudi ndani ya miaka minne. Mkurugenzi ameshaanza kukubali. Alfajiri ndo tunatumia umeme sana, saa 11 kuna pampu ya kisima, hita za maji bwenini, majiko ya umeme ya uji, wote kwa pamoja. Bili, karatasi ya yule kijana na maelezo ya pampu, jiko na nyumba za walimu nimekutumia. Tufunge?

Msifunge kwanza. Sio kwamba sola ni mbaya, mimi mwenyewe naifunga na inanilisha, ila hiyo hesabu mliyopewa haiihusu shule yenu.

Angalia bili yako. Nyie mpo T2, yani kundi la wanaotumia zaidi ya yuniti 7,500 kwa mwezi, na T2 inalipwa tofauti na duka la pale mtaani. Mmetumia yuniti 9,000 kwa shilingi 195, hiyo ni 1,755,000. Alafu kuna mstari watu wanaurukaga, umeandikwa kVA 60, na kila kVA moja ni shilingi 15,004. Hapo tayari laki 9 zimeondoka. Ongeza 14,233 ya huduma, VAT, tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), ndo unafika hiyo milioni 3 na laki 2.

Sasa hiyo kVA ni nini. Mita inakumbuka ule muda mfupi ambao shule ilivuta umeme mwingi kuliko muda wowote mwingine mwezi mzima, na mnalipia kile kilele hata kama siku zilizobaki mlikuwa wapole. Kwa mlivyonieleza kilele chenu kiko saa 11 alfajiri, na saa 11 alfajiri hakuna jua. Kwa hiyo mkifunga paneli hata za kujaza paa zima la bwalo, ile laki 9 haiguswi. Atakwambia betri itasaidia, sawa, inaweza, ila betri ndo inayokula hela kuliko kitu chochote kwenye hiyo karatasi yake na ndo itakayokufa mapema.

Kitu kingine, kijana kapiga kila yuniti kwa shilingi 356. Hiyo ni bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida kama duka la mtaani, wanaonunua kwa 292, ikishawekwa VAT na tozo. Yenu ikishawekwa makodi yote ni kama 238. Kwa kubadilisha namba hiyo moja tu miaka minne inakuwa sita, na hapo hatujagusa likizo ya mwezi wa sita na ya Desemba, jua linawaka na mabweni matupu. Sisemi kijana ni tapeli, huenda anatumia karatasi ileile kwa kila mteja, wengi ndo wanavyofanya.

Cha kufanya wiki hii ni pampu. Umesema ni ya kilowati 7.5. Ihamishe isifanye kazi alfajiri, ijaze tenki kuanzia saa 4 asubuhi mpaka mchana ili alfajiri watoto waoge maji yaliyopandishwa jana. Taima na swichi ya boya, ile inayozima pampu tenki likijaa, sio vitu vya bei, na ile boya itawasaidia pia tenki lisimwagike, maana kila maji yanayofurika juu ya tenki mmeshayalipia umeme wa kuyapandisha. Pampu peke yake, kwa pawa fakta yenu ya 0.75 iliyoandikwa kwenye bili (kipimo cha umeme mnaovuta unafanya kazi kiasi gani, nzuri inakaribia 1), inabeba kVA 10. Mara 15,004 ni laki na nusu kwa mwezi, mmeipata kwa kubadilisha saa tu.

Alafu hiyo pawa fakta yenyewe. 0.75 ni mbaya, maana yake mnavuta mzigo mkubwa kwenye laini kuliko kazi inayofanyika, mota ndo tabia yake. Mkitoa pampu mnabaki na kVA 50 hivi, mkifunga kapasita za kupandisha pawa fakta mpaka 0.95 mnashuka karibu na 40. Hiyo ni laki na nusu nyingine. Jumla laki 3 kila mwezi kabla ya VAT na hamjapanda juu ya paa. Kapasita apime na kufunga fundi mwenye leseni, usikubali ya kukisia, ikizidi inaleta shida yake. Na tafadhali usichanganye na vile vidude vya kuchomeka ukutani vinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp eti vinapunguza umeme nusu, mwenye nyumba analipia yuniti tu, kVA halipi, kwa hiyo vile havimsaidii chochote.

Jambo la tatu la kufanya ni gumu kidogo kwa sababu linagusa watu. Umeandika kwa chini kabisa kwamba nyumba za walimu zipo kwenye mita ya shule. Nimeshaona mashule mengi, humo ndani kuna friza mbili za barafu na soda zinauzwa kwa wanafunzi, kuna jiko la umeme linachemsha maharage kutwa, na hakuna anayelaumiwa maana mita ni ya "shule". Usianze kwa kuwakataza, mtagombana bure na kuwaharibia moyo wa kazi. Waombeeni TANESCO kila nyumba iwe na LUKU yake. Mwalimu anayetumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi akiingizwa D1, kundi la watumiaji wadogo, ananunua kwa shilingi 100 tu, hiyo ni nafuu hata kuliko ya kwenu, na mkimpa posho ndogo ya umeme anabaki na chenji. Mwenye friza za biashara atalipia biashara yake. Ila mkae nao mapema, msije mkawatumia barua ya ghafla.

Jikoni umegusia kuni kidogo tu. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo hilo halikwepeki. Gesi ya tenki kubwa ndo wengi wanakimbilia. Kuna na mkaa wa STAMICO, shirika la madini la taifa, ule Rafiki, unawaka vizuri ila ujue ni makaa ya mawe. Mkiwa na ng'ombe na vyoo vya karibu muulizie pia mtambo wa biogesi, kwa shule ya ukubwa wenu unaweza kubeba chai na uji. Kwa leo mwambie mpishi mkuu maharage yalowekwe usiku na sufuria zifunikwe, na nenda mwenyewe jikoni ukaone, maana mtaahidiwa na hawatafanya.

Hayo yakiisha, mkae miezi mitatu muone bili, ndo mrudi kwenye sola. Mtakuta mnahitaji ndogo, bila betri, ya kubeba pampu na kompyuta na ofisi mchana. Tenki la maji ndo litakuwa betri yenu.

Kaka Fundi, sisi ni ofisi ya NGO Mikocheni, watu 14. Bosi anaweka AC 16, sisi tunavaa majaketi, LUKU ya elfu 50 haimalizi wiki. Tunamwambiaje?

Mwambieni kwa hela, sio kwa baridi. AC ya BTU 18,000 mkiiwasha masaa tisa inaweza kula yuniti 10 hivi kwa siku. Kwenye T1 na makodi yake ni kama 3,560, siku 22 za kazi ni elfu 78 kwa AC moja. Mnazo ngapi? Andikeni kwenye karatasi mumwekee mezani, mimi sijaona bosi anayebishana na namba yake mwenyewe.

Kuweka 16 haifanyi chumba kipoe haraka, zile za kawaida kompresa inapuliza nguvu ileile, tofauti ni kwamba haipumziki. Wekeni 24 au 25 na feni ya juu izunguke taratibu, feni inakula wati 70 tu. Fungueni filta muoshe, Dar hii na vumbi lake kila mwezi sio nyingi. Alafu mwangalie mlango wa mapokezi, kwa jinsi ulivyoniandikia uko wazi kutwa, mnapoza barabara. Kama AC zenu ni za zamani za gesi ya R22 msijaze jaze gesi kila mara, gesi haiishi kama petroli, ikipungua ujue inavuja na inapovuja inaenda kuharibu ozoni. Zibeni panapovuja, au wekeni hela ya kununua AC za inveta, zile kompresa yake inapunguza kasi chumba kikipoa, taratibu, moja moja.

Fundi, niko Mombasa, nasimamia hoteli ndogo. Kuna mtu kaja anasema lazima tufanyiwe ukaguzi wa matumizi ya stima, la sivyo EPRA, wadhibiti wa nishati wa Kenya, watatufungia. Ni kweli ama anatafuta kazi?

Vyote viwili vyaweza kuwa kweli. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinabana mahali panapotumia yuniti 180,000 na zaidi kwa mwaka. Hapo panakaguliwa kila miaka mitatu, na mnatakiwa mtekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa, sio kuiweka ripoti kabatini. Toa bili zako za miezi 12 za Kenya Power ujumlishe. Ukipita yuniti 15,000 kwa mwezi, kwa wastani, unahusika. Ukiwa chini hulazimiki, lakini hoteli yenye dobi na friji za jikoni ningeikagua hata bila sheria. Mkaguzi awe na leseni ya EPRA, mwambie akuoneshe kabla hujampa hata chai.

Shikamoo Fundi. Kanisa letu lina jenereta la kVA 100 tulipewa msaada. Tunawasha Jumapili umeme ukikatika, spika na taa na vinanda, mafuta yanaisha vibaya. Lina ubovu?

Marahaba. Halina ubovu, ni kubwa mno. Spika, taa na vinanda haviwezi kufika hata kilowati 8, na jenereta la dizeli likibeba mzigo mdogo hivyo linaendelea kunywa mafuta ya kujiendesha lenyewe, na muda mrefu linajaza masizi ndani. Hata likibebeshwa vizuri lita moja inatoa yuniti tatu hivi, kwa hiyo lita ikiwa 3,000 kila yuniti ni elfu moja. La kwenu ni zaidi ya hapo. Liuzeni au mlibadilishe, mchukue dogo la kVA 15, na taa zote mzigeuze LED kabla ya kununua, huenda hata 10 ikatosha. Kama mzee wa kanisa aliyeleta msaada bado yupo, ongeeni naye kwanza.