Kundi la WhatsApp la usharika limegeuka uwanja wa kampeni

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimekuelewa: kundi la usharika wenu hapo Mbagala lilianzishwa kwa matangazo na maombi, sasa vijana wa vyama viwili wanarushiana mabango na wazee wameanza kujitoa.

Usianze kwa kuwatoa watu. Atakayetolewa atasema kanisa lina chama. Leo hii fungua mipangilio ya kundi, sehemu ya ruhusa, uweke maadmini pekee ndio watume ujumbe. Wawe watatu: wewe, katibu na mama mmoja wa jumuiya. Jumapili, wakati wa matangazo, toa kanuni moja: hakuna bango la chama chochote, hata kile unachokipenda wewe. Hapa wengi hukwama. Mchungaji anakataza mabango huku picha yake na mgombea iko kwenye stetasi. Iondoe kwanza.

Kinachonitia hofu zaidi ni lile ombi ulilosema limetumwa kundini likiwa na jina la mgonjwa na majibu ya vipimo vyake. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi kwa wote; ufute sasa hivi, kisha mwone mgonjwa umwombe radhi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Maombi ya namna hiyo yaje kwenye simu yako tu. Kukitokea vitisho, piga picha ya skrini kabla ya kufuta, umwone wakili.