Kabla Hujapanda Millennium Force, Tazama Magurudumu

Mara ya kwanza kupanda Millennium Force, rolakosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli, nilifumba macho karibu safari nzima. Mwaka uliofuata nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 14, na siku ile ndiyo iliyonifundisha haya ninayoyaandika.

Rolakosta hii iko Cedar Point, bustani ya michezo iliyo kwenye rasi inayoingia Ziwa Erie, mjini Sandusky, jimbo la Ohio, Marekani. Kutoka kwetu Columbus ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Ilifunguliwa Mei 2000, ikawa ya kwanza ya mzunguko kamili, yaani inayorudi pale ilipoanzia, kuvuka kimo cha futi 300. Kilele chake ni mita 94 hivi. Unaiona ungali barabarani, utepe wa buluu juu ya maji, na hapo ndipo tumbo linapoanza kusokota.

Tulipanga foleni zaidi ya saa moja. Zamu yetu ilipokaribia, mpwa akanishika mkono: "Mjomba, siwezi." Waliokuwa nyuma wakaanza kumhimiza, panda tu, utazoea. Nikawaomba wamwache. Nikamwambia mhudumu, akatuonyesha pa kutokea, wala hakuuliza sababu. Wazazi na walezi, nawasihi: mtoto akishasema hapana, msimlazimishe. Atakaa amefungwa kitini zaidi ya dakika mbili, hana pa kukimbilia, na aliyempeleka pale ni mtu anayemwamini.

Tulirudi nje tukasimama mahali ambapo treni zinaonekana vizuri. Nilimwonyesha magurudumu. Wengi wetu tunadhani treni imekaa tu juu ya reli, ikirushwa inadondoka. Sivyo. Reli ni mabomba ya chuma, na magurudumu yako pande tatu: mengine yanakanyaga bomba kwa juu, mengine yanalibana ubavuni, na mengine yanalishika kwa chini. Hata mwili wako unapoinuka kitini, yale ya chini yameing'ang'ania reli. Akauliza, "Na breki?" Breki ni za sumaku; zinapunguza mwendo bila kusuguana na bila kuhitaji umeme. Akanyamaza, akatazama treni tano au sita zikipita. Jioni akaniambia twende.

Sasa ya kuzingatia ukiwa kitini. Treni inavutwa juu kwa kebo badala ya mnyororo, kwa hiyo inapanda haraka mno, usitegemee muda wa kujipanga. Mteremko wa kwanza ni wa digrii 80, na huko chini kasi inafika kilomita 150 kwa saa. Egemeza kichwa kabla hujafika chini, kaza mapaja na tumbo, endelea kupumua. Uzito wako unaongezeka ghafla, damu inakimbilia miguuni, na macho yanaweza kuingia giza kwa sekunde moja. Mimi lilinipata mwaka wa kwanza, nilikuwa sijanywa maji tangu asubuhi. Na macho yawe wazi! Kona inayofuata inalala kupita wima, digrii 122, na shingo iliyoiona inakuja haishtuki kama iliyofumbiwa macho.

Kimo cha chini cha mpandaji ni sentimita 122. Kama una mwili mkubwa, jaribu kiti cha mfano langoni kabla hujasimama foleni saa nzima, maana mkanda usipofunga utashushwa. Mjamzito, mwenye shida ya moyo, mgongo au shingo, abaki chini na mizigo. Simu na kofia muachie yeye. Kula kidogo, saa moja au zaidi kabla; chapati na chai vinatosha.

Kuhusu kiti, mara ya kwanza kaa katikati. Mbele unaona kila kitu, na nyuma unavutwa kuvuka kilele kwa nguvu kiasi kwamba unanyanyuka. Huko nenda ukishaizoea.

Sisi tulikaa katikati. Wakati tunapanda, mpwa alikuwa amenishika mkono kama kule kwenye foleni. Tulipofika juu jua lilikuwa linazama, ziwa lote limekuwa jekundu. Akageuza uso kulitazama, na vidole vyake vikaniachia.