Kabla hujaandika "ushoroba": kwa wageni wa dawati la kimataifa

Wadogo zangu, wiki iliyopita nimehariri skripti tatu za Armenia na zote zina kosa moja, nalo linaanzia kwenye neno "ushoroba". Mmoja wenu nilipomuuliza amelitoa wapi, akanijibu, "Kwenye maktaba yetu, kaka, skripti ya 2020." Nikaifungua. Herufi za jina la mwandishi chini ya ukurasa ni zangu.

1. Ramani kwanza. Nakhchivan ni ya Azerbaijan lakini imetengana nayo. Katikati pamekaa Syunik, mkoa wa kusini wa Armenia unaopakana na Iran. Njia inayogombewa, ya kuiunganisha Azerbaijan na Nakhchivan kupitia Syunik, haifiki kilomita 50. Inapita Meghri kando ya mto Aras, palipokuwa na reli ya enzi za Kisovieti. Kama huwezi kuichora hiyo kwa mkono, usianze kuandika.

2. Neno lenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 2020 nilikuwa zamu peke yangu. Vita vya siku 44 vya Karabakh, eneo lililogombewa na Armenia na Azerbaijan, vinasitishwa. Putin wa Urusi, Rais Aliyev wa Azerbaijan na Waziri Mkuu Pashinyan wa Armenia wametia saini tamko lenye vipengele 9. Saa za Moscow ni sawa na zetu, kwa hiyo habari iliniangukia usiku wa manane, na taarifa ya alfajiri inasubiri. Sikulisoma tamko. Nilisoma muhtasari wa muhtasari, nikaandika: "Armenia imekubali kuipa Azerbaijan ushoroba hadi Nakhchivan." Ikasomwa alfajiri, ikarudiwa saa mbili, ikarudiwa adhuhuri.

Jioni tulikuwa na mjadala studioni. Mgeni wetu, mzee aliyefundisha uhusiano wa kimataifa miaka mingi, alinisubiri hadi matangazo ya biashara, akanisogezea karatasi. "Mwanangu, nionyeshe ushoroba uko wapi kwenye kipengele cha 9." Nilisoma mara mbili. Kinasema njia zote za uchumi na usafiri zifunguliwe, Armenia ihakikishe usalama wa safari kati ya mikoa ya magharibi ya Azerbaijan na Nakhchivan, na walinzi wa mpaka wa Urusi wasimamie. Ushoroba hakuna. Neno hilo limo kwenye tamko, lakini ni la Lachin, barabara ya kutoka Armenia kwenda Karabakh, upana wake kilomita 5. Mikono ilinitetemeka, nasema kweli. Masahihisho tuliyasoma kwa sekunde ishirini. Kosa lilikuwa limeshatembea siku nzima.

Kwa nini nililiandika bila kusita? Kwa sababu kwetu neno hilo halimdhuru mtu. Ushoroba wa Kati ni malori ya Kigali na Bujumbura. Yakifika mizani ya Vigwaza yanapimwa na Watanzania, kwa sheria ya Tanzania, na hakuna anayehisi ameporwa nchi. Kule neno linabeba swali jingine kabisa: ni nani anayegonga muhuri? Desemba 2021 Aliyev alidai njia hiyo iwe na hadhi sawa na Lachin: kama Lachin hakuna forodha, huku nako isiwepo. Armenia ikakataa, ikisema kila barabara iliyo ndani ya ardhi yake itakaguliwa na maofisa wake. Hapo ndipo penye ugomvi wote, na mimi nilikuwa nimeshauamua hewani kabla haujaanza, tena kwa upande mmoja.

3. "Zangezur" nalo ni jina lenye mwenyewe. Baku, yaani Azerbaijan, inalitumia; Yerevan, yaani Armenia, inasikia ndani yake dai la ardhi. Andikeni "njia ambayo Azerbaijan inaiita Ushoroba wa Zangezur", hata kama msomaji wa habari atalalamika pumzi.

4. Msiisahau Iran. Armenia ina majirani wanne, na mipaka yake na Uturuki na Azerbaijan imefungwa tangu miaka ya 1990. Imebaki na milango miwili, Georgia na Iran. Njia isiyo chini ya Armenia ikikatiza Syunik, mlango wa Iran unaweza kuzibika, na Tehran imesema wazi kwamba haitaki mpaka huo uguswe. Kijana mmoja aliniambia Iran "inaingilia". Nilimpeleka kwenye ramani ukutani, tukasimama pale hadi chai ikapoa. Sasa ndiye anayenisahihisha mimi, na nafurahi kuliko anavyojua.

5. Washington, tarehe 8 Agosti 2025: Aliyev na Pashinyan walikutana kwa Trump wakatia saini tamko. Njia ilipewa jina la Trump, nayo Marekani ikaingia mahali ambapo kipengele cha 9 kiliiweka Urusi. Someni tamko la siku hiyo lote: linaitaja mamlaka ya Armenia juu ya ardhi yake. Skripti zenu zote tatu zimeliruka hilo na kuandika "Armenia yaikabidhi njia".

6. Tamka Syunik "Siyunik".

Skripti ya 2020 sitaifuta. Nimeibandikia maelezo juu ya ukurasa, kwa jina langu kamili, pamoja na nakala ya vipengele vyote 9. Mwenye zamu ya alfajiri kesho aje na nakala yake, na kipengele cha 9 kiwe kimepigiwa mstari kwa mkono wake mwenyewe.