Kwa mnaoanza patholojia: msizitazame seli za saratani peke yake

Slaidi ya kwanza ya saratani ya ulimi utakayowekewa chini ya hadubini itakuvuta macho moja kwa moja kwenye viota vya saratani: vikubwa, rangi ya waridi, na lulu za keratini (protini ya kucha na nywele) katikati. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, tafuta ugonjwa kwanza. Ila daktari anayesubiri majibu yako siku hizi anataka kujua na jambo la pili: pembeni ya hivyo viota kuna nini? Ukisogeza slaidi kidogo utaviona vidoa vidogo vya bluu iliyokoza, vimejazana kwenye nyama inayozunguka saratani. Hizo ni limfosaiti, seli za kinga ya mwili, na dawa mpya za saratani ya kichwa na shingo zinazitegemea hizo.

Jizoeze kutazama zimesimama wapi, si wingi wake tu. Kuna saratani ambayo seli T (aina ya limfosaiti) za CD8, zile zinazoua, zimeshapenya hadi ndani ya viota. Kuna nyingine zimekwama mpakani, zimepanga mstari na haziingii. Na kuna ile ambayo huoni kitu, nyama kavu tupu. Halafu kumbuka kwamba si kila seli ya kinga iko upande wa mgonjwa. Makrofaji (seli kubwa za kinga zinazomeza taka) nyingi ndani ya uvimbe zinausaidia ukue, na zipo seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Utafiti juu ya seli T hizo za kutuliza ndio uliowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi tuzo ya Nobel ya mwaka 2025.

Tahadhari moja kuhusu tonsili. Saratani ya tonsili inayoletwa na kirusi cha HPV kwa kawaida huwa na limfosaiti nyingi, na wagonjwa wake huenda vizuri kuliko wale wa tumbaku na pombe. Lakini tonsili yenyewe ni nyumba ya limfosaiti hata kwa mtu mzima wa afya. Usimwandikie mtu kwamba kinga yake imeamka kumbe unatazama tonsili ya kawaida.

Sasa dawa. Seli T inayopambana muda mrefu hutoa nje ya ngozi yake protini ya PD-1, ambayo ni breki. Saratani hutoa protini yake, PD-L1, na kuikanyaga hiyo breki. Pembrolizumab na nivolumab ni kingamwili zinazoziba PD-1 isikanyagwe. Kwa hiyo dawa hizi haziui saratani. Anayeua ni seli T ya mgonjwa mwenyewe, kama ipo. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua mlango huu.

Kipimo utakachoombwa kinaitwa CPS (alama ya jumla ya PD-L1), na hapa ndipo wageni wengi wanachanganyikiwa. Unahesabu seli zote zilizoshika rangi ya PD-L1, yaani za saratani pamoja na limfosaiti na makrofaji zilizo ndani ya viota au jirani kabisa, unagawanya kwa idadi ya seli za saratani zilizo hai, kisha unazidisha kwa 100. Tuseme eneo lina seli hai za saratani 400. Kati yake zilizoshika rangi ni 30, na limfosaiti na makrofaji zilizoshika ni 50. Hiyo ni 80 kwa 400, CPS 20. Ungehesabu za saratani peke yake ungepata 7.5 tu, na mgonjwa angehamia kundi lingine kabisa. Seli ya saratani inahesabiwa ikishika rangi kwenye utando wake, hata kama ni hafifu au haujazunguka wote. Ile ya kinga, utando au ndani, vyote vinakubalika.

Vidonda vya mdomoni vimeoza juu na vimejaa neutrofili, seli za usaha. Hizo hazihesabiwi, wala seli nyingine za kinga kama eosinofili na seli za plazma, wala kitu chochote kwenye eneo lililokufa. Kabla ya kuhesabu, rudi kwenye slaidi ya kawaida ya H na E (ile ya bluu na waridi), jua nani ni nani, ndipo uende kwenye ile ya kahawia ya PD-L1. Na kama kinyama (kipande kilichotolewa kwa mgonjwa) hakina hata seli hai 100 za saratani, andika hakitoshi, omba kingine. Usibahatishe.

Lakini hesabu nzuri juu ya kinyama kibovu haina faida. Kinyama kinachotoka mkoani kwa basi, kimebanwa kwenye kichupa chenye fomalini ya kufunika chini tu, kitakupa rangi ya ajabu. Sisitiza fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake mara kumi ya kinyama, na saa iliyoingizwa iandikwe kwenye kichupa. Kikae kwenye fomalini kwa muda wa saa 6 hadi 72, hiyo ndiyo nafasi yako. Saratani ya taya iliyolazwa kwenye tindikali kulainisha mfupa usiipimie PD-L1. Tafuta kipande laini. Na kila mzunguko wa rangi weka tonsili pembeni kama kipimo cha uhakika. Isiposhika rangi kwenye vishimo vyake, mzunguko wote unarudiwa, hata kama ni Ijumaa jioni.

Kwa nini namba hii inapiganiwa hivi? Katika utafiti wa KEYNOTE-048, uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa ambao saratani yao ilirudi au kusambaa na CPS yao ni 20 kwenda juu, nusu yao walivuka miezi 14.9 wakiwa hai kwa pembrolizumab peke yake, dhidi ya miezi 10.7 kwa cetuximab, dawa nyingine ya saratani, na kemo (tibakemikali). Walioanzia CPS 1 ilikuwa 12.3 kwa 10.3. Ndiyo maana kwenye ripoti neno "chanya" halitoshi. Andika namba. Ila msidanganyike na magazeti: katika utafiti wa CheckMate 141 wa mwaka 2016, kwa wagonjwa ambao kemo ya platini ilikuwa imeshashindwa, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 13 hivi tu kati ya 100 waliopewa nivolumab.

Muda wa kutoa dawa nao una neno. Avelumab, dawa inayoziba PD-L1, ilipounganishwa na mionzi na kemo katika utafiti wa JAVELIN 100, haikusaidia. Maelezo ninayoyaona ya maana ni kwamba mionzi inachoma matezi ya shingo, na humo ndimo seli T zinamofundishwa. KEYNOTE-689, utafiti mwingine, ilitoa pembrolizumab mara mbili kabla ya upasuaji, matezi yakiwa bado yapo, ikaendelea baadaye. Baada ya miaka mitatu, asilimia 57.6 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi au kuendelea, dhidi ya 46.4 kwa wasiopewa dawa hiyo. Marekani iliipitisha Juni 2025.

Gharama ndiyo kidonda chetu. Hapo nawashauri msome kazi ya hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, ya mwaka 2023: wagonjwa 151, nusu wakapewa nivolumab miligramu 20 tu kila wiki tatu juu ya vidonge vya bei nafuu, wakati dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili. Waliofika mwaka mmoja walikuwa asilimia 43.4, wenzao wa vidonge peke yake 16.3. Utafiti wa hospitali moja, sawa, lakini unagusa mfuko wetu.

Wagonjwa wetu wengi nao huishia India, na kule watadai bloku ya nta, ile iliyohifadhi kinyama. Kwa hiyo fundi anapokata, mwambie akate slaidi za akiba mara moja badala ya kuipunguza bloku kila siku kipimo kipya kinapoombwa. Andika namba ya bloku kwenye ripoti, mfanye ndugu asaini anapoichukua, na bloku moja ibaki kabatini.